Mafuta ya Mjane na Pesa Tulizoziogopa

Somo: 2 Wafalme 4:1–7



Jumapili niliposema tufungue 2 Wafalme sura ya 4, niliona wengi wakitabasamu. Hadithi hii mnaijua tangu Shule ya Jumapili: mjane, deni, chupa ya mafuta, vyombo vya majirani. Tumeihubiri kama somo la imani, na mara nyingine, tuseme ukweli, kama somo la kutoa sadaka. Mara hii niliihubiri kama somo la toba, na toba yenyewe ni yangu. Mvua iliwazuia wengi wenu, hasa wa ng'ambo ya mto, kwa hiyo ninaandika hapa yale niliyosema, na machache ambayo sikuyasema kwa sababu sauti ilikataa.

Mama huyu alikuwa mke wa mmoja wa wana wa manabii. Kwa lugha yetu, alikuwa mke wa mtumishi. Mume amekufa na ameacha deni, na mdai yuko njiani kuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Sasa mwangalieni Elisha. Anamuuliza mama anataka afanyiwe nini, kisha anamuuliza ana nini nyumbani. Hamuulizi deni lilitoka wapi. Hamuulizi kama marehemu alikuwa mlevi. Anamwambia aende kwa majirani aazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache, ajifungie ndani na wanawe, amimine.

Mafuta yakajaa vyombo vyote. Mama akarudi kwa nabii, na nabii akamwambia akauze, alipe deni lake, na kinachobaki kimsaidie yeye na wanawe kuishi. Basi, hadithi imeisha. Hatumwoni Elisha akimfuata mama sokoni. Hakutuma kijana na daftari aandike debe limeuzwa bei gani. Hakumwambia kwanza aje alime shamba la nabii siku tatu. Na Biblia haisemi hata kama mama alirudi na fungu la kumi. (Najua kuna mtu amefurahia hapo. Fungu la kumi tutalizungumza siku nyingine.)

Nabii aliamini kwamba mama anayelala na deni hilo kila usiku anajua kuliko mtu yeyote pesa hizo ziende wapi.

Turudi nyumbani. Mwaka 2015 shirika moja la Kimarekani linaloitwa GiveDirectly lilianza kazi katika Kaunti ya Homa Bay. Walikuwa wametangulia Siaya, upande wa Rarieda, miaka kadhaa kabla. Kazi yao wengi wenu mnaikumbuka. Walikuja kijijini, wakazungumza na chifu na wazee, wakaandikisha watu wenye nyumba za hali ya chini, kisha wakawatumia pesa kwa M-Pesa. Hakuna semina. Hakuna kuunda kikundi kwanza. Hakuna mkopo wa kurudisha. Kule Siaya, katika awamu moja kubwa ya kazi yao, kila nyumba iliyochaguliwa ilipata shilingi 87,000, zikitumwa kwa mafungu, na mwenye nyumba akaachiwa aamue mwenyewe.

Hebu fikiri. Mtu analima ekari moja ya mahindi na mtama, anabeba gorogoro mbili tatu za karanga kwenda kuuza Oyugis siku ya soko. Shilingi 87,000 hajawahi kuzishika pamoja tangu azaliwe. Halafu kijana mwenye tabuleti anamwambia, "Hizi ni zako, hatutaki kitu." Alishtuka. Na mimi sioni kosa katika kushtuka.

Uvumi ukaanza. Ati ni pesa za waabudu shetani. Ati ukipokea, utadaiwa damu. Ati mtoto wako atakufa. Habari ikapita kutoka soko hadi soko, ikapanda boda boda, ikavuka hadi huku kwetu Migori hata kabla hatujamwona mtu wa kuandikisha. Matokeo yake, shirika lenyewe lilisema hadharani kwamba katika Homa Bay karibu nusu ya watu waliostahili walikataa. Mahali pengine waliokataa walikuwa wachache sana. Lakini kwetu, katika nyumba mbili, moja ilifunga mlango.

Sitaki kuwacheka waliokataa. Hofu hiyo ilikuwa na mizizi. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1994 Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada ya shetani katika Kenya hii. Serikali nzima ilisema jambo hilo lipo na linachunguzwa, sembuse mama wa kijijini. Tena sisi tuliozaliwa kando ya ziwa tulilelewa na habari za Nyamgondho wuod Ombare wa Gwassi, yule mvuvi maskini aliyemvua mwanamke ziwani na boma lake likajaa ng'ombe, kisha siku moja ng'ombe wote wakamfuata yule mwanamke wakarudi majini. Kwa hiyo tulijua toka utotoni kwamba mali isiyo na jasho ina mwenyewe, na mwenyewe atakuja kuichukua.

Lakini hofu ya muumini mgeni ni jambo moja, na hofu ya mchungaji ni jambo lingine. Mchungaji anatakiwa kuchunguza. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wajaribu mambo yote na washike lililo jema (1 Wathesalonike 5:21). Mimi sikujaribu chochote. Sikumpigia chifu simu. Sikutembea hata kilomita tatu kwenda kuketi na watu waliokuwa wamepokea. Nilisikia uvumi Alhamisi kwenye maombi, na Jumapili nikauhubiri kama ufunuo. Nilisema mtoto wa Mungu hali kwenye meza ya adui. Mkapiga makofi. Nami nikaongeza lile neno la 2 Wathesalonike 3:10 kuhusu asiyetaka kufanya kazi, nikalitumia kama fimbo.

Baada ya ibada mama mmoja alinifuata. Ni mjane, shamba lake liko upande wa Homa Bay, na wakati huo alikuwa na watoto wanne. Aliniuliza kwa upole, "Pasta, wamefika kwetu. Niandikishwe ama nisiandikishwe?" Nilimjibu nikiwa nimesimama, mkono tayari uko kwenye mlango wa gari. Nikamwambia asiguse.

Alinitii. Huyo ndiye mtu aliyenifanya niandike mahubiri haya.

Mwaka uliofuata mvua ilichelewa na mahindi yakakauka. Alikodisha shamba kwa mtu wa miwa ili apate karo, na mnajua mambo ya kukodisha shamba la miwa: miwa ikishaingia, haitoki msimu mmoja. Akabaki akilima kibarua kwenye shamba la wengine huku lake akiliangalia kwa ua. Kijana wake wa pili aliacha shule kidato cha pili. Alienda Macalder kuchimba dhahabu, akishuka kwenye mashimo yale kwa kamba, ana miaka kumi na sita. Yuko hai, tunamshukuru Mungu. Lakini nilipokuwa nikisoma mstari ule wa mdai anayekuja kuchukua watoto wawili, nilisimama. Nilimjua mtoto mmoja aliyechukuliwa, na nilimjua aliyefungua mlango.

Jirani yake walipokea. Ni mume na mke, Waadventista, kwa hiyo mahubiri yangu hayakuwafikia (wakati mwingine tofauti za madhehebu zina faida yake). Mwaka huu nilikwenda kuketi nao, nikawaomba wanieleze kila kitu, na walinieleza bila kujipamba.

Fungu la kwanza walinunua chakula, mabati, na magodoro mawili. Magodoro hayo mke aliyataja mara tatu. Fungu kubwa lililofuata walikomboa kipande cha shamba walichokuwa wamekodisha, wakanunua mbolea kwa wakati, na ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe huyo alikufa kwa ndigana kabla ya mwaka kwisha. Mume naye alinunua pikipiki kuukuu bila kumwuliza mke, na nyumba haikukalika kwa wiki mbili. Pikipiki ilikuwa mbovu, waliiuza kwa hasara. Hawakutajirika. Ukifika pale leo utaona watu wa kawaida wenye nyumba isiyovuja, shamba lao liko mikononi mwao, na binti yao alimaliza kidato cha nne bila kufukuzwa karo. Mke anauza omena na mafuta ya kupikia barabarani, biashara aliyoianza kwa shilingi elfu nne zilizobaki.

Nikamuuliza mzee yule kama hakuogopa. Akasema aliogopa sana. "Lakini niliogopa njaa zaidi."

Sasa mtu atasema, Pasta, hiyo ni nyumba moja. Ni kweli. Kuna watu waliofanya kazi ya kuhesabu. Katika Siaya watafiti walifuatilia zaidi ya vijiji 650, na nyumba zaidi ya 10,500 zilizopata pesa hizo. Walikuta kwamba waliopata walikula vizuri zaidi na mali yao iliongezeka. Walikuta pia kwamba majirani ambao hawakupata kitu nao waliinuka, kwa sababu aliyepata alimwita fundi, alinunua unga kwa duka la jirani, alimlipa mtu wa kupalilia. Kila shilingi iliyoingia ilizunguka mpaka ikawa kama shilingi mbili na nusu katika eneo lile, na bei za vitu hazikupanda ila kidogo sana. Kumbukeni vyombo vya mjane vilitoka kwa majirani. Mtaa mzima ulihusika katika muujiza ule, hata kama mlango ulifungwa.

Na katika uchunguzi wa mapema kule Rarieda, walitafuta kama watu waliongeza pombe na sigara. Hawakuona ongezeko. Waliona hata kupigana ndani ya nyumba kumepungua. Mimi nilikuwa nimewaambia ninyi kwamba mwanamume wa kwetu akipewa pesa za bure atazipeleka kwa chang'aa. Niliwasema vibaya baba zenu na waume zenu bila ushahidi, nikiwa nimeshika Biblia.

Lakini lililonivunja ni hili. Mwaka 2025 watafiti walitoa matokeo mengine ya vijiji vile vile vya Siaya. Walihesabu watoto. Katika nyumba zilizopata pesa, vifo vya watoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu, na zaidi sana pale pesa zilipofika karibu na wakati wa mama kujifungua. Mama aliweza kupumzika badala ya kulima mpaka siku ya uchungu, aliweza kula, aliweza kulipa gari la kumfikisha hospitalini.

Wapendwa, uvumi wetu ulisema nini? Ulisema ukipokea, mtoto atakufa.

Niliposoma hayo nilizima simu nikatoka nje. Nilikumbuka mazishi ya watoto wachanga niliyoyaongoza katika miaka hii. Sisemi pesa zingewaokoa wote. Uhai uko mikononi mwa Bwana. Lakini sitasimama tena juu ya kaburi dogo na kusema ni mapenzi ya Mungu bila kujiuliza mama yule alikula nini mwezi wa mwisho.

Nirudi kwenye lile neno la Wathesalonike, kwa sababu najua wengine bado wananihesabia. Paulo anamzungumzia mtu asiyetaka kufanya kazi. Soma vizuri, ni asiyetaka. Wale mama wa Kabondo wanaong'oa viazi vitamu tangu saa kumi na moja asubuhi, mgongoni kuna mtoto, hawakosi kutaka. Wanakosa cha kuanzia. Mtu mwenye jembe moja na deni mbili anaweza kufanya kazi kama punda na mwisho wa msimu akawa amerudi nyuma. Huyo ukimsomea mstari wa uvivu, umemtukana.

Je, pesa zilitoka kwa watu wasiomjua Mungu wetu? Huenda baadhi yao hawamjui. Lakini Koreshi mfalme wa Uajemi hakuwa mwanachama wa sinagogi, na ndiye aliyeruhusu Hekalu lijengwe na gharama zitoke katika hazina ya mfalme (Ezra 6:3–4). Eliya alilishwa na kunguru, ndege najisi kwa sheria. Hatusomi kwamba alimuuliza kunguru nyama ameitoa wapi.

Na halafu kuna Inua Jamii. Serikali inatuma shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa walezi wa mayatima, na kwa wenye ulemavu mkubwa. Katika kanisa hili wako wanaopokea, na zikichelewa mnakuja kwangu tuombe. Hizo nazo hatuzitolei jasho. Mbona hizo hatukuziita za shetani? Nadhani ni kwa sababu tulizizoea, na kwa sababu ni kidogo. Ikiwa kidogo tunaona ni baraka, ikiwa nyingi tunaona ni mtego. Kumbe tatizo letu ni kwamba hatuamini mtu anaweza kutupa kitu kikubwa na asirudi kudai. Halafu watu wa namna hiyo tunasimama Jumapili kuimba kuhusu neema! Mimi nimehubiri wokovu wa bure kwa miaka mingi, na siku mtu alipoleta kitu cha bure mlangoni nilitafuta pembe kichwani mwake.

Kupima bado ni lazima, msinielewe vibaya. Mtu akikupigia simu kwamba umeshinda pesa, ati tuma kwanza shilingi 500 za usajili, huyo ni mwizi. Anayetaka namba yako ya siri ya M-Pesa ni mwizi, hata akianza kwa kusema Bwana asifiwe. Anayetaka kitambulisho chako akae nacho, mkimbie. Mwulize chifu, mwulize mzee wa kijiji, njoo hata kwangu, na mara hii nitashuka kwenye gari.

Na ninyi akina baba, turudi kidogo kwa Nyamgondho. Ng'ombe wake hawakuondoka kwa sababu walikuwa zawadi. Waliondoka usiku ule aliporudi amelewa akamtukana yule mama, akamkumbusha kwamba alimwokota ziwani. Pesa zikiingia kwenye simu ya mama, usiivizie hiyo simu. Zikiingia kwenye yako, keti na mkeo kabla hujaonekana kwa muuza pikipiki.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa yule mjane. Nilikwenda na mke wangu, na mzee mmoja wa kanisa awe shahidi. Nilimwambia nilikosea, kwamba nilimpa neno ambalo Bwana hakunipa. Alinyamaza kwa muda, akaendelea kupukuchua mahindi. Kisha akasema, "Pasta, kukataza ulinikataza. Lakini hukuniletea kitu mahali pa kile ulichonikataza." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Kisha akainuka akatupikia chai, na chai hiyo ilikuwa ngumu kuimeza.

Tulipokuwa njiani mke wangu aliniuliza kuhusu sadaka yetu ya mahitaji. Mnajua tunavyoifanya. Mwenye shida anaandika barua kwa wazee. Wazee wanajadili kama anahudhuria ibada ya katikati ya wiki. Halafu anaitwa mbele Jumapili, anapewa unga na sabuni, tunapiga picha. Elisha alimwambia mjane afunge mlango. Boazi aliwaamuru vijana wake wamwangushie Ruthu masuke kwa makusudi na wasimkemee (Ruthu 2:15–16), ili aokote kama aliyejiokotea mwenyewe. Sisi tunawasha kamera.

Wazee walikutana Jumanne usiku na hatukukubaliana yote. Mmoja wao, na ana sababu zake, anasema bila barua watu watadanganya. Tumekubaliana tujaribu miezi sita. Sadaka ya mahitaji itatumwa kwa simu, pesa taslimu, kwa nyumba ambazo viongozi wa mitaa watazitaja kwa siri. Majina hayatasomwa. Hakuna picha, na hakuna atakayeulizwa alinunua nini. Mwekahazina atasoma jumla peke yake mwisho wa kila mwezi.

Kuhusu shamba la yule mama, mkataba wa miwa unaisha msimu ujao. Wanaotaka kusaidia kung'oa visiki na kulima wamwone kiongozi wa akina baba baada ya ibada. Mje na ng'ombe wa kulimia kama mnao. Mimi nitakuja na jembe.